Siku Masoud Alipopandisha

Mwezi uliopita nilifungua chumba cha kazi cha marehemu mume wangu. Nilikuwa sijakifungua tangu nitoke eda, na sikukifunga kwa woga. Nilikifunga kwa heshima. Alikuwa fundi wa redio hapa Mji Mkongwe kwa miaka thelathini na mmoja, mtu ambaye hakupata kurudisha chombo cha mtu bila ya kukipangusa, na mimi ni mjane wa mtu huyo. Sina sababu ya kuinamisha kichwa ninapolisema hilo. Juu ya meza yake ilikuwapo amplifaya kongwe, ya zile za taa za vioo ndani, aliyoifungua na hakuwahi kuifunga. Mjukuu wangu aliichomeka kwenye umeme kabla sijamkataza. Taa ziliwaka polepole, vumbi lililokuwa juu yake likaanza kuungua, na harufu ile iliponifikia nilitafuta kiti nikakaa.

Mjukuu alidhani nimemkumbuka babu yake. Sikumsahihisha. Lakini harufu ile ilinipeleka nyuma zaidi, kabla sijamjua babu yake: kwenye ukumbi mmoja wa Vuga, mchana wa jua kali, nimekumbatia kanzu ya kaka yangu.

Tukikutana kwenye maharusi, wenzangu wa rika langu hupenda kuulizana ni lini walisikia magitaa ya umeme kwa masikio yao kwa mara ya kwanza. Kila mtu ana lake. Hutaja bendi, huimba vipande viwili, hucheka mpaka wakafuta machozi. Langu huwa silitaji. Maonyesho niliyoyahudhuria baadaye ni mengi, mengine makubwa na ya watu wenye majina yao; hakuna nililolipenda kama lile la kwanza, na hakuna lililonitia hofu iliyodumu kama hilo.

Nitataja tarehe, kwa sababu nilisoma nikiwa mkubwa, na mtu aliyechelewa kujua kuandika tarehe haichezei. Ilikuwa Jumamosi, sikukuu ya tatu ya Idi ndogo, mwezi wa Disemba mwaka 1969. Waliofuata mwandamo mwingine watasema ilikuwa ya nne. Kwetu sisi tulifungua Alkhamisi. Nilikuwa na miaka kumi na sijakaa hata siku moja kwenye dawati.

Sababu ya kuchelewa kwangu ni kwamba nililelewa Makunduchi na mama yake mama. Bibi alikuwa fundi wa ngoma ya pepo. Palipokuwa na mgonjwa ambaye dawa za hospitali zimemshinda, yeye ndiye aliyeitwa, na mimi ndiye niliyembebea chetezo cha ubani. Nilikwisha kuona wanawake wazima wakitikisika mabega, kisha shingo, kisha macho yakaenda kwingine, mpaka wapiga ngoma wakaitikia, "Kapandisha! Kapandisha!" Hapo ndipo Bibi alipoinuka. Humfunika mtu yule shuka jeupe, humkalisha chini, humwekea mkono juu ya utosi, na humuuliza mgeni aliyepanda jina lake na haja yake. Mtu mwenyewe wakati huo haitwi kwa jina lake. Huitwa kiti, kwa kuwa amekaliwa. "Na usimwachie," Bibi alikuwa akinambia tukirudi nyumbani. "Ukimwachia kabla mgeni hajajitaja, huondoka naye, na mwenyewe asirudi." Neno hilo lilikuwa likinilaza macho wazi.

Bibi alifariki mwezi wa Machi 1969, na mimi nikaletwa mjini, Kikwajuni, kwa Mama. Mama alikuwa mshoni. Baba alikuwa baharia ambaye barua zake zilikuwa zimekoma. Na alikuwapo kaka yangu Masoud, mwenye miaka kumi na saba, ambaye matumaini yote ya nyumba yalikuwa yamewekwa juu yake kama mizigo juu ya punda mmoja. Masoud alikuwa anasoma sekondari. Yeye ndiye aliyekuwa anipeleke kuandikishwa darasa la kwanza Januari, kwa kuwa Mama aliona haya kusimama mbele ya walimu. Watoto wa mtaani walinicheka kwa kusema "mchu" badala ya "mtu", kama tusemavyo Makunduchi, na Masoud akaligeuza likawa jina langu. "We Mchu, njoo." Kwake yeye sikulichukia.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa miaka ile ilivyokuwa kwa kijana mwenye nywele. Kwanza zilikuja suruali za kubana, na vijana wa doria wakasimama njiani na chupa ya soda: chupa ikikwama kwenye mguu wa suruali, suruali inachanwa. Kisha zikaja suruali pana, bugaluu, ambazo chupa ingepita na mtoto wake. Hizo zikapigwa marufuku pia, pamoja na nywele za afro na muziki ulioitwa wa kihuni. Doria wakaacha chupa wakashika mikasi. Masoud alikamatwa mwezi wa Agosti pale Darajani. Walimnyoa upande mmoja tu wa kichwa na jina lake likapelekwa shuleni. Mwalimu mkuu alimwita Mama na kumwambia kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko ukali, kwamba jina hilo likirudi mara ya pili, mtoto abaki nyumbani.

Kwa hiyo Jumamosi ile, Masoud alipoomba kunipeleka kutembea sikukuu Mnazi Mmoja, Mama aliondoa mguu kwenye cherehani na kumkagua toka juu mpaka chini. Masoud alikuwa amevaa kanzu na kofia, safi kama bwana harusi.

"Mwende pamoja, mrudi pamoja," alisema. "Na wewe," akanishika kidevu, "asikutoke machoni. Akienda chooni, msubiri mlangoni."

"Mama, huyu mtoto au askari?"

"Ndiye niliye naye. Ningekuwa na askari ningekupa askari."

"Nshakwambia, mie nshaacha mambo yale."

"Umeacha, nimesikia. Nenda naye."

Tulikuwa hatujafika mbali nilipogundua kwamba kanzu ya Masoud ilitoa sauti mbili: moja ya kanzu, na nyingine ya kitambaa kizito kilichopigana chini yake. Sikuuliza. Na tulipofika Mnazi Mmoja, kwenye pembea na wauza ubuyu, hatukusimama. Tulipita, tukaelekea Vuga, na kila hatua tuliyokwenda mbele mimi nilikuwa nikirudi nyuma kwa moyo, nikisikia mkono wa Mama kidevuni.

Ukumbi ulikuwa wa klabu ya watu waliokwisha kuondoka nchini. Mwangalizi wake alikuwa Bi Rehema, mwanamke wa makamo aliyekaa mlangoni juu ya kigoda akisuka ukili. Masoud na wenzake wa bendi walimsaidia kufagia, naye akawaachia ukumbi siku za mapumziko, kabla ya alasiri.

"Shikamoo, Bi Rehema."

"Marahaba. Na huyu je, ndiye mwimbaji?"

"Mdogo wangu. Mama kanitilia mlinzi."

"Mamako ana akili. Ingieni, na leo msinivunje meno. Mara ile mlivyokuwa mkibamiza, jino langu hili lilicheza mpaka Jumanne."

Ndani, nyuma ya pazia la jukwaa, Masoud alivua kanzu. Chini yake ilikuwamo bugaluu ya kijani, pana kama sketi mbili, na niliitambua mara moja. Lilikuwa pazia la mlango wa chumba chetu, lililopotea kwenye kamba ya kuanikia tangu kabla ya Ramadhani, na ambalo Mama alikuwa amemshuku nalo jirani mpaka wakaacha kupelekeana futari. Alivua kofia, na nywele zikafumka kama zilizokuwa zimeshikilia pumzi.

"Shika kanzu hii. Usiiachie hata akija nani," alisema. Kisha akauona uso wangu, akachutama. "Sasa we Mchu unaogopa nini? Kaa hapo pembeni uone. Leo tunapandisha mpaka dari liombe radhi."

Nilisikia neno lile nikaikumbatia kanzu. Katika maisha yangu yote kupandisha kulikuwa ni jambo moja tu.

Walikuwa watano jukwaani, na chini walisimama vijana labda sitini, wavulana na wasichana wachache waliofunga buibui zao kiunoni. Amplifaya ilikuwa sanduku lililofunguliwa nyuma, na ndani yake mliwaka taa nyekundu. Ikaanza kutoa harufu ya kuungua, nami nikajisemea: wametia kitu kifuke, ila si ubani ninaoujua. Aliyepiga dramsi akagonga mara nne. Kisha Masoud akaligusa gitaa.

Nimejaribu mara nyingi kuiandika sauti ile. Haikuingia kwa masikio. Ilipita kwenye mbao za jukwaa, ikanipanda kwa nyayo, ikanikaa mbavuni, na nilipotaka kupumua nikaikuta imeshafika. Ilikuwa sauti ya kitu kinachopasuka bila ya kwisha kupasuka. Niliogopa, na ndani ya kuogopa kule nilitaka isikome; sikujua kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja. Na watu chini wakaanza kuruka, wakinyoosha mikono kuelekea kwa kaka yangu, na wakaitikia kwa sauti moja:

"Pandisha! Pandisha, Masoud! Pandisha!"

Masoud akageuka, akazungusha kitu kwenye sanduku, na sauti ikawa mara mbili. Akafumba macho. Nikaona mabega yake yakitikisika. Kisha shingo. Kichwa kikaenda mbele na nyuma, nywele zikimfuata, jasho likiruka. Na alipofumbua macho akanitazama moja kwa moja, mimi niliyesimama hatua nne kutoka kwake, na hakuniona. Akapiga magoti.

Nilimtafuta mtu mzima. Makunduchi ngoma haipigwi bila ya mtu wa kumpokea mgeni; hapa walikuwa wakipandisha tu, wanampandisha mtoto wa watu, na hapakuwa na shuka, hapakuwa na fundi, hapakuwa na yeyote aliyesogea. Walicheka. Nikajua kwamba kaka yangu anakwenda mbele ya macho yangu, na kwamba nimeambiwa asinitoke machoni, na kwamba katika ukumbi mzima anayejua la kufanya ni mimi peke yangu, na nina kitambaa cheupe mkononi.

Nilikimbia nikamrushia kanzu kichwani. Mguu wangu ulikwama kwenye waya, waya ukachomoka, na sauti ile yote ikakatika kama iliyopigwa panga.

Na ndani ya kimya kile kila mtu alisikia lori likizima injini nje.

"Doria!" mtu akasema, wala hakupiga kelele. Vijana sitini walitokea mlango wa jikoni kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka. Lori lile lingefika katikati ya muziki pasingekuwa na aliyesikia. Hilo nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule sikuwa na habari ya lori. Nilikuwa nimemkalisha Masoud chini, kanzu imemfunika mpaka miguuni, na mkono wangu uko juu ya utosi wake.

"Niachie! We mtoto, niachie!"

"Taja jina lako kwanza."

"Jina gani? Mimi Masoud!"

"Masoud ni kiti. Wewe u mchu gani? Wataka nini?"

"Nataka kukimbia! Wallahi ntakupiga!"

Pepo wote huanza kwa ukali. Bibi alikwisha kunambia. Nikamkandamiza zaidi.

Waliingia wanne. Aliyetangulia alikuwa kijana mrefu mwenye mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, kama wa Mama. Chini ya kanzu Masoud alinyamaza ghafla. Bi Rehema aliingia nyuma yao akiwa bado ameshika ukili wake, akatazama jukwaani, na sijapata kuona tena mtu aliyefahamu jambo kwa haraka vile.

"Msimguse!" alisema. "Kapandisha huyo!"

"Hapa palikuwa na muziki wa marufuku," alisema yule mrefu.

"Ulikuwapo, na ndio uliompandisha. Nshawaambia watoto hawa, mkivigonga vitu msivyovijua, vitaitika. Haya, vimeitika. Kamateni sasa."

Mmoja wa wale watatu akasema, "Mfunueni tuione suruali."

"Mfunue wewe," mwenzake akamjibu.

Hakuna aliyesogea. Yule mrefu akaja, akachutama mbele yangu, mkasi ameulaza juu ya goti. Nakumbuka alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi.

"Mtoto, huyu nani wako?"

"Kaka yangu."

"Ana nini?"

"Kapandisha. Hajajitaja bado. Msipige kelele."

"Umejuaje?"

"Alianza mabega, halafu shingo. Na alinitazama asinione."

Alinitazama machoni. Nilimkazia macho, kwa sababu nilikuwa nikisema kweli yote niliyokuwa nayo. Kisha akaitazama ile kanzu. Ilikuwa ikitetemeka, kuanzia utosini mpaka chini, na mtetemo ule haukuwa wa kuigiza.

"Unasema mchu," alisema polepole. "Wewe wa Makunduchi?"

"Naam."

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

Akainuka. "Kwao wapi huyu?" akamuuliza Bi Rehema.

"Kikwajuni, kwa mshoni."

"Apelekwe kwao."

Walilichukua gitaa na sanduku lake. Kwenye mlango wa jikoni wenzao walikuwa wamechelewa kufika, na vijana wawili wa mwisho walikamatwa hapo. Sisi tulipita katikati ya watu wa sikukuu, Bi Rehema upande mmoja na mimi upande mwingine, Masoud amevaa kanzu na kuinamisha kichwa. Alikuwa akilia, na watu walitupisha njia wakisoma dua kimoyomoyo.

Mama alimsikiliza Bi Rehema mpaka mwisho, akamshukuru, akamtoa mpaka barazani. Aliporudi aliinua pindo la kanzu kwa vidole viwili.

"Pepo huyu," alisema, "kajishonea mwenyewe, au kashonewa?"

Akaupitisha ukucha kwenye mshono wa bugaluu.

"Na mshono wenyewe wa kipofu. Vua."

Hakumpiga. Alikaa chini akaifumua bugaluu ile mshono kwa mshono, na kabla ya magharibi ikawa imerudi kuwa pazia, imetundikwa pale pale ilipokuwa zamani, ila sasa ikiwa vipande viwili vyenye tumbo pana chini. Kisha akachukua wembe akamnyoa kichwa chote.

Jioni ile Masoud alinieleza. Hakuna pepo. Kupandisha ni kuzidisha sauti, basi. Kuna kitufe, unakizungusha. Nilihisi uso ukiniwaka. Kila aliyekuwa pale alijua isipokuwa mimi.

"Lakini hukuniona," nilimwambia. "Ulinitazama, hukuniona."

Alipapasa kichwa chake kilichonyolewa. "Hilo silijui," alisema. "Kweli sikukuona."

Asubuhi ya Jumapili tulisikia hodi. Alikuwa yule mrefu, peke yake, bila ya mkasi. Masoud alikuwa chumbani kwa ndani. Hapakuwa na pa kumpitisha. Mama alimkaribisha, akamwekea kiti, na kiti pekee kilichokuwapo kilielekea lile pazia la kijani. Alikaa akiwa ameikabili miguu miwili ya suruali, naye Mama akasimama mbele yake kadiri alivyoweza, akizungumza habari za sikukuu.

"Nimekuja kumjulia hali mgonjwa," alisema.

"Amelala. Alhamdulillahi, ametulia."

"Namtaka yule mtoto."

Nikatoka. Jana nilimwambia kweli bila ya kujua kuwa si kweli, leo nilijua. Shule ya Masoud, na shule yangu mimi, na ile mizigo yote ya nyumba, vilikuwa vimekaa kwenye ulimi wangu, na Bibi alikuwa amenifundisha kwamba asemaye uongo juu ya pepo humwita.

"Niambie tena," alisema. "Kaka yako jana kweli alipandisha?"

Nilimwona Mama akifumba macho.

"Alipandisha," nilisema. "Mimi nilimwona."

Kila neno lilikuwa kweli, na nilijua kwamba nimemdanganya. Huo ndio uongo wangu wa kwanza wa mtu mzima.

Nilingoja aende akalivute pazia. Badala yake aliinama, akaweka viwiko juu ya magoti, akasema kwa sauti ya chini sana, kama anayeogopa kusikiwa na wenzake kutoka upande wa pili wa mji:

"Nina dada yangu. Kaolewa Kwahani. Tangu azike mtoto wake, mwezi wa tatu huu, hasemi. Hamjibu mumewe, hanijibu mie. Mama, kwa kazi yangu mie siwezi kuonekana nabisha hodi kwa waganga. Tukiyakataza haya, nami niyafuate? Lakini nilimwona mtoto huyu jana. Mkono wake haukutikisika. Nikasema huyu ni wa kwetu, hatonitangaza. Aje tu amwekee mkono. Mara moja."

Mama alinitazama, na nilisoma machoni mwake jinsi hofu moja ilivyotoka na nyingine ilivyoingia. Nikienda, nitaulizwa. Nikiulizwa, nitajikanganya. Na mtu huyu akizoea nyumba yetu, siku moja atalitazama pazia lile kwa utulivu.

"Bibi yangu keshafariki," nilisema. "Na mie sikupewa mkoba."

Alitikisa kichwa taratibu. Mtu wa Makunduchi hahitaji kuelezwa kwamba asiyepewa mkoba na fundi wake hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Aliinuka, akamuaga Mama, kisha akaniaga mimi kwa kunipa mkono, kama anavyopewa mtu mkubwa. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Jumatatu shule zilifunguliwa. Masoud aliondoka, na Mama akakaa kwenye cherehani bila ya kushona. Adhuhuri Masoud alirudi, akasimama mlangoni, akasema, "Wameitwa wawili. Mie sikuitwa." Mama akasujudu pale pale alipokuwa, juu ya vipande vya vitambaa. Januari ya 1970 Masoud alinishika mkono akanipeleka kuandikishwa, na kwa kuwa wenzangu wote darasani walikuwa wadogo kwangu, nikakaa dawati la nyuma. Hakupiga gitaa tena. Alisoma, akawa mwalimu wa hesabu, na wale waliopita mikononi mwake ni wengi hapa mjini.

Haya nayasimulia kwa fahari, na hayana uongo. Lakini lipo nililolibakisha. Bibi aliletewa mwanamke kama yule, nikiwapo, nimeshika chetezo: aliyezika mtoto akaacha kusema. Bibi alimtazama, akaamuru ngoma zirudishwe zilikotoka. "Huyu hana pepo," aliwaambia jamaa zake. "Huyu ana msiba. Mkae naye, msimsemeshe, mpike, mlale naye, mpaka aseme yeye." Alikaa naye mwenyewe siku nane, na siku ya tisa mwanamke yule aliomba maji.

Nililikumbuka pale pale, mbele ya kijana yule, kila neno. Halikuhitaji mkoba. Lilihitaji tu kusemwa, na angekwenda nalo Kwahani asubuhi ile ile. Lakini mtoto anayejua nani ana pepo na nani hana angeulizwa swali moja zaidi juu ya kaka yake, na swali hilo sikuwa na jibu lake. Jina la dada yule sikuambiwa. Kama alipata wa kukaa naye, au alipelekwa akapigiwa ngoma asiyoihitaji, sikupata kujua. Nilinyamaza, na Masoud akasoma.